Opareta na Taa ya Sebuleni

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti mwaka 1946. Hapana, siyo 46. Huo ndio mwaka ulioko kwenye karatasi zake za kazi, na ndio uliopelekwa kwa mchapaji juzi kwa haraka, lakini ulikuwa mwaka wa kuombea kazi tu. Alizaliwa mwaka 1947. Mumewe, ambaye ndiye anayeandika haya, anaomba radhi kwa wote walioshika programu yenye mwaka usio wake. Mwenye kalamu arekebishe. Yeye mwenyewe angekuwepo angecheka tu na kusema huo mwaka mmoja ulimlisha vizuri.

Haya yanasomwa na binti yake, kwa sababu macho ya mumewe hayazipati tena hata herufi alizoziandika mwenyewe, na sauti yake haifiki hata kwa waliokaa mstari wa pili. Binti ameombwa asome yote, asiruke, hata pale atakapoona haya. Ameahidi. Ameombwa pia asimame karibu na ile taa iliyo mezani. Wapo waliokwisha kunong'onezana kwamba taa ya sebuleni imeletwa kufanya nini mazikoni mchana kweupe. Tuvumiliane, tutafika huko.

Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mpakiaji mizigo wa stesheni ya reli, na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Walikaa kwenye nyumba ya safu nyuma ya stesheni, vyumba vimegawanywa kwa mbao, na ubao wa upande wa kitanda chake ulikuwa na ufa. Basi alikua huku sikio moja liko kwa majirani. Kaka yake, aliyekaa pale kwenye kiti chenye mikono, anakumbuka asubuhi moja mtoto huyo alipomwambia mama yao, "Mama, leo baba wa upande wa pili kamwomba mkewe msamaha." Mama akamuuliza amesikia maneno gani. "Hajasema neno," akajibu. "Amenyamaza kwanza, halafu kaomba chumvi kwa sauti ndogo." Alikuwa na miaka sita hivi. Mama yake akamwondoa kwenye ule ufa na kuuziba kwa sabuni, lakini sabuni hukauka ikadondoka.

Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la nane, akamaliza mwaka 1962. Hesabu zilimpiga chenga, kusoma kwa sauti hakuna aliyemfikia. Mwaka wa mwisho walicheza mchezo mbele ya wazazi, akapewa kuwa mtumishi mwenye neno moja tu: aingie, aseme "Mgeni amefika, bwana," atoke. Aliingia, akalisema. Kisha badala ya kutoka akamgeukia mgeni akamuuliza, "Safari ilikuwaje? Mbona viatu vimelowa?" Yule mvulana aliyekuwa mgeni akatazama viatu vyake, akaanza kujieleza, na mchezo ukaenda huko wala haukurudi tena. Mfalme aliyekuwa afe mwishoni hakupata nafasi ya kufa. Mwalimu mkuu alimchapa, na wazazi walimpigia makofi, na marehemu alisema mpaka uzeeni kwamba siku hiyo ndipo alipojua anataka nini, ila hakujua kinaitwaje.

Mwezi Februari mwaka 1965, akiwa na ule mwaka wake wa kuazima, aliajiriwa kuwa opareta wa simu katika Idara ya Maji. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, kidogo, dirisha moja la juu, ubao mrefu wa matundu na nyaya za kuchomeka. Alivaa visikilizio kichwani na kusema, "Idara ya Maji, nikuunganishe na nani?" Hakuna mtu wa idara ile asiyemjua kwa sauti. Meneja wa kwanza alifanya naye kazi muda mrefu, akamkuta sokoni akampita bila salamu, mpaka marehemu alipomwambia muuza vitunguu, "Nipunguzie kidogo." Meneja akageuka kama aliyeitwa ofisini.

Jina lake wengi mlilisahau tangu hapo. Mtaani aliitwa Opareta, na hata mumewe alimwita hivyo.

Mumewe naye aliitwa Fundi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuvalisha viti na makochi: kuondoa kitambaa kilichochakaa, kufunga springi upya, kujaza sponji, kupiga vijisumari pembeni. Walikutana kwa kiti. Kiti cha Opareta kilichanika, Fundi akaitwa kukitengeneza humo humo chumbani, na siku nzima Opareta alifanya kazi amesimama. Alimuuliza Fundi anatoka wapi, ana ndugu wangapi, anapenda nini. Sasa mtu wa kazi hii huweka vijisumari mdomoni, anavitoa kimoja kimoja kwa ulimi. Fundi akajibu yote kwa "mm". Marehemu alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye alichumbiwa kwa "mm", akaposwa kwa "mm", na mbele ya msajili, tarehe 14 Desemba 1968, msajili alilazimika kumwambia bwana harusi, "Ndugu, sema ndiyo, mm hainitoshi." Watu walicheka, na Fundi alicheka nao. Hakujua bado kwamba mkewe alikuwa hatanii sana.

Walijaliwa watoto wawili, mvulana mwaka 1971 na msichana mwaka 1976. Mama mzazi wa Fundi akaja kukaa nao, akaitwa Bibi na nyumba nzima. Opareta alirudi kazini jioni amejaa maneno ya watu, na Fundi alikuwa karakana, ambayo ilikuwa chumba kikubwa cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, ameinama juu ya kochi. Opareta aliyasema maneno yake kwa mgongo wa Fundi. Mgongo uliitika, "mm."

Mwaka 1984 Idara ilileta mashine ya simu inayojiunganisha yenyewe. Waliokuwa wakiunganisha watu kwa mikono wakaambiwa ahsante. Opareta alirudi nyumbani na visikilizio vyake, akavitundika msumarini jikoni. Kisha siku moja akamfuata mumewe karakana akasema:

"Fundi, nimesikiliza watu karibu miaka ishirini. Unajua nani anaongea vizuri?"

"Mm?"

"Yule asiyejua atasema nini. Aliyejipanga anaongea kama tangazo. Sasa nataka tufanye mchezo. Sisi wenyewe, hapa karakana, Jumamosi alasiri. Watu waje watutazame."

Fundi akatoa vijisumari mdomoni, jambo ambalo si la kila siku. "Watutazame tukifanya nini?"

"Tukiwa sisi."

"Si wanatuona kila siku?"

"Wanatuona tukipita," Opareta akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Dirisha la karakana lilizibwa kwa magunia ili pawe na giza kidogo. Meza ya chakula ikasogezwa katikati na viti vyake, na taa ya sebuleni, hii hii yenye kofia ya kitambaa cha njano, aliyoivalisha Fundi kwa mabaki ya kochi la mtu, ikawekwa juu ya meza. Taa ikiwashwa, mchezo umeanza. Ikizimwa, umekwisha. Watazamaji walikaa kwenye makochi ya wateja yanayosubiri kushonwa, mengine springi nje, na mara kwa mara ungesikia mtu anaruka na kusema "Uuh!" katikati ya maneno ya maana. Siku moja mwenye kochi alikuja kulifuata akakuta mtu na mkewe wamelikalia, akaanza kufoka: "Nani kawaambia mkae kwenye mali yangu?" Opareta hakugutuka. Akamwambia kutoka mezani, "Karibu shemeji, umechelewa, chakula kimepoa." Yule bwana akasimama, akatazama watu, akatazama sahani. Akakaa. Alikula, akalalamikia chumvi, akasimulia habari ya mwanawe asiyemwandikia, na alipotoka alilisahau kochi.

Hapakuwa na maneno yaliyoandikwa. Walimenya viazi kweli, walishona soksi kweli, mtoto alifanya kazi za shule kweli. Walizozana, walinyamaza. Mwalimu mmoja wa chuo alikuja mara mbili na kuandika mambo mengi, akasema hii ni tamthilia ya majaribio. Fundi akamuuliza, "Majaribio ya nini, mwalimu? Sisi tulikuwa tunakula."

Na Bibi hakukubali kabisa kwamba ni mchezo. Kwake wale walikuwa wageni. Alikaa mwisho wa meza, akawatazama gizani, akasema, "Wageni wenyewe wengi hivi na hakuna aliyekuja hata na mkate." Watu wakaanguka kwa kicheko. Bibi akakasirika: "Tena wanacheka." Ndiye aliyependwa kuliko wote.

Masharti yalikuwa matatu. La kwanza, hakuna kupanga. La pili, mwenzako akianzisha jambo, hulikatai, unalipokea na kuendelea nalo. La tatu lilikuja baadaye kidogo, na ndilo lililoleta haya yote. Mtoto wa kwanza, akiwa na miaka kumi na mitatu, alisema chini ya taa kwamba baba yake akidhani yuko peke yake huyaambia makochi pole. "Anapiga msumari, halafu anasema, pole mama, pole." Karakana ikavunjika mbavu. Usiku kijana hakula, kwa sababu Fundi alimuuliza sebuleni, "Hayo umeyatoa wapi?" kwa macho ambayo mtoto hakuyapenda. Jumamosi iliyofuata kijana akagoma kukaa mezani. Opareta akawakusanya wote.

"Basi tuweke sharti. Kinachosemwa kwenye taa hakiulizwi nje ya taa. Hata kiwe nini. Anayekubali anyooshe mkono."

Fundi alikuwa wa kwanza kunyoosha. Alitaka mwanawe ajue kwamba baba yake ni mtu wa haki. Na alilishika sharti lile kuliko mwenye kulitunga. Binti akija jikoni analia, "Baba, kaka alisema pale mezani mimi nina miguu ya bata," Fundi alimjibu, "Hayo ya taa, mwanangu. Yaache kwenye taa." Alilisema mara nyingi mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Alijifungia mlango mwenyewe na ufunguo akaumeza.

Sasa ile Jumamosi. Ilikuwa mwaka 1986, miezi ya mvua, na karakana ilijaa mpaka watu walikaa kwenye mikono ya makochi. Mezani Opareta alikuwa anamenya viazi. Binti alikuwa anachora. Kijana alikuwa anachonga kalamu yake. Fundi alikuwa pembeni ya meza na kiti kimoja cha kulia, anapiga vijisumari, mdomo umejaa. Bibi akawageukia wageni wake, akasema kwa kujisifu:

"Mnamwona mke wa mwanangu? Tangu aingie nyumba hii hajawahi kutoka bila kuaga. Hata siku moja."

"Nimewahi, mama," Opareta akasema.

"Lini?"

"Mara moja. Kabla huyu hajazaliwa." Akamwonyesha kijana kwa kisu. "Nilifunga sanduku langu asubuhi, nikaenda stendi ya mabasi, nikakata tiketi."

Gizani mtu mmoja akacheka, akasubiri wengine wamfuate. Wakamfuata.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" kijana akauliza, maana sharti la pili lilimtaka apokee.

"Mwisho wa basi. Sikuuliza jina. Nilikuwa nimechoka kuongea na mgongo."

Hapo walicheka sana. Kinyozi wa mtaani, aliyekuwa na kiti chake cha kila Jumamosi, alipiga paja.

"Basi likaja," Opareta akasema, viazi vinaendelea kumenywa, ganda moja refu lisilokatika. "Nikapanda. Nikakaa dirishani. Dereva akawasha gari. Halafu nikashuka."

"Halafu?"

"Nikarudi nyumbani. Nikamkuta baba yenu ameinama kwenye kochi lile lile nililomwacha nalo. Sanduku nililokuwa nalo mkononi hakuliona. Nikasema nimerudi. Akasema mm. Nikapika."

Watu hawakucheka tena. Wote walimgeukia Fundi. Ilikuwa zamu yake, na kila aliyekaa mle alijua lazima aulize nini. Hata yeye alijua. Swali lilikuwa pale kooni, fupi, lakini mdomo ulikuwa umejaa vijisumari, na uso ulikuwa umemuungua kwa aibu. Siyo kwa sababu ya kuachwa. Wanaume huachwa. Ni kwamba aliachwa na akarudiwa siku hiyo hiyo, naye hakujua hata moja. Akaanza kuvitema vijisumari kwenye kiganja, kimoja kimoja, vingine vinadondoka sakafuni vikilia ti, ti. Alikuwa amebakiza vichache alipomsikia mama yake.

"Wageni," Bibi akasema, amesimama, sauti imekatika, "kwaherini. Leo mwanangu amechoka." Akanyoosha mkono, akazima taa.

Haikuwa imewahi kutokea Bibi kuigusa taa ile. Watu waliondoka polepole, hakuna aliyepiga makofi.

Na hapo sharti likafanya kazi yake. Nje ya taa hakuna kuuliza. Usiku ule Fundi na Opareta walikula, wakalala, naye hakuuliza. Alitazama juu ya kabati, lile sanduku la bati lipo mahali pake, limejaa nguo za watoto zilizokuwa ndogo. Asubuhi alipopita kwa kinyozi akasikia, "Fundi, karibu, leo tunashuka kituo gani?" Watoto wa mtaani nao walikuwa hawana dogo: "Stendi! Stendi! Bado siti moja ya dirishani!" Alianza kupita njia ya nyuma, ya mtaro, kununua gundi.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na pa kukanyaga. Kina mama waliokuwa hawajawahi kuja walikuja. Taa ikawashwa. Kinyozi akasema kwa sauti, "Shemeji, tupe lile basi!" Opareta akamjibu, "Hatupangiwi hapa," na akaanza kusimulia habari ya paka. Alipokuwa akisimulia alimtazama mumewe, akaacha nafasi, akamtazama tena. Fundi alijua nafasi ile ni ya kwake. Lakini aliwatazama wale watu, jinsi walivyokaa mbele mbele kwenye makochi, na neno likamkauka. Akauliza, "Paka mwenyewe wa rangi gani?" Jumamosi ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Baadaye Opareta akaacha kuacha nafasi.

Fundi alijaribu kujijibu mwenyewe. Aliwaza labda mvua ilikuwa inaingia dirishani. Aliwaza labda alimwonea huruma, na wazo hilo lilimfanya asile vizuri. Alikuwa amesema ilikuwa kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa, basi akawaza labda alishuka kwa ajili ya aliye tumboni, na kwamba yeye Fundi hakuwemo katika hesabu hiyo kabisa. Hata alifika mahali akaenda stendi, akaomba kuingia kwenye basi kuukuu la miaka ile lililoegeshwa nyuma, akakaa kiti cha dirishani. Kilikuwa kiti kibaya, springi imelala, sponji ni jina tu. Akarudi nyumbani amefurahi kidogo: kumbe mtu angeweza kushuka kwa ajili ya kiti. Halafu akajionea aibu peke yake njiani, mtu mzima anayefarijiwa na ubovu wa kiti.

Mchezo wa karakana uliendelea mpaka mwaka 1991, Bibi alipofariki. Kiti chake mwisho wa meza hakikukalika tena. Kijana alikuwa amekwisha kusema chini ya taa kwamba hataki kuwa fundi viti, na baba yake hakumuuliza nje ya taa, akamfungia mizigo. Taa ikarudi sebuleni, ikawekwa kwenye kona yake. Hakuna aliyeiwasha. Waliwasha ya darini. Kila aliyefagia aliipangusa vumbi, kila aliyepita aliipisha. Miaka yote hiyo. Mara nyingine Opareta alimkuta mumewe amesimama pale, mkono kwenye swichi. "Unatafuta kitu, Fundi?" "Mm," alisema, na akatoa mkono.

Tusidanganyane kwamba walikuwa na maisha mabaya. Kuanzia mwaka ule wa 1986 Fundi aliacha kuweka vijisumari mdomoni. Alishona kimfuko cha ngozi akakifunga kiunoni. Mafundi wenzake walimcheka, wakasema kazi yake imepungua kasi, na kweli ilipungua. Opareta alikiona kile kimfuko siku ya kwanza, akaleta kigoda chake akakaa mbele ya kochi, upande ambao uso wa mtu huonekana. Alikaa hapo kila jioni mpaka Fundi alipostaafu. Waliongea. Waliongea mambo mengi sana, isipokuwa moja.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2016. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema moyo umepanuka. Mumewe alisema moyoni kwamba hilo hata yeye angewaambia. Alitibiwa akiwa nyumbani kwa muda mrefu, akalazwa mwanzoni mwa Machi mwaka 2018, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha.

Siku yake ya mwisho ya kuonana na watu ilikuwa tarehe 7. Jana yake alikuwa amemuuliza mumewe, "Ile taa bado ipo?"

"Ipo kwenye kona yake."

"Kesho njoo nayo."

Alikuja nayo, imefungwa kwenye kitambaa cha kochi. Mlinzi wa getini akamsimamisha. "Mzee, hicho nini?" "Taa." "Wodini taa zipo." "Hii ni ya mgonjwa," Fundi akasema, na mlinzi akainua kitambaa, akachungulia, akampisha. Aliiweka juu ya kabati dogo la kitandani. Soketi ilikuwa moja, na ilikuwa na feni ya mama wa kitanda cha pili, mwenye mguu uliofungwa plasta. "Chomoa tu, baba," mama yule akasema. "Mimi joto tumezoeana." Kisha akajiinua kwa kiwiko ili aone vizuri. Wagonjwa wengine na waliokuja kuwatazama wakaacha maneno yao. Nesi aliyekuwa na kigari cha dawa akasimama.

Opareta aliomba mto nyuma ya mgongo. Akajifunga kitambaa cha kichwani upya, kama alivyokuwa akifanya karakana kabla taa haijawashwa. Akasema:

"Haya, Fundi. Washa. Halafu uliza."

Kumbe alijua. Miaka yote alijua kuna swali, na alijua ni lipi.

Mumewe alishika swichi. Akainua macho, akawaona wale wanawake, wamemtazama kwa wema tu, hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka. Na aibu ile ya zamani ikampanda kutoka miguuni kama vile haikuwa imeondoka, kama vile kinyozi na watu wote wa makochi walikuwa wamekaa kwenye vitanda vile. Akatoa mkono kwenye swichi.

"Balbu imeungua," akasema.

"Imeungua?"

"Imeungua."

Opareta aliitazama balbu. Akamtazama mumewe kwa muda, kwa uso wa mtu anayesikiliza upande wa pili wa ubao. Kisha akatabasamu, akatoa ile sauti yake ya Idara ya Maji ambayo ilikuwa haijasikika tangu mwaka 84: "Laini inatumika. Tafadhali jaribu tena baadaye." Wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa. "Kesho lete balbu nyingine," akamwambia.

Kesho yake, tarehe 8 Machi 2018, mumewe alikuja saa ya kuonana na wagonjwa na balbu mpya mfukoni, ingawa ya zamani ilikuwa nzima, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema. Alikuta godoro limekunjwa. Mama wa kitanda cha pili alikuwa ameizima feni yake. Akamwonyesha taa pale ilipo juu ya kabati, akatazama ukutani. Marehemu alikuwa amefariki alfajiri hiyo, akiwa na umri wa miaka sabini. Mkirudia ule mwaka wa kazi, sabini na mmoja.

Ameacha kaka mmoja, mume mmoja, mtoto wa kiume aliye dereva wa magari makubwa, ambaye amefika leo akiwa bado na vumbi la safari, mtoto wa kike anayesoma haya, mkwe, wajukuu watano, na watu wengi ambao hawakuwa ndugu ila walikaa kwenye makochi yasiyo yao na kumsikiliza. Kinyozi yupo pia. Alikuja jana nyumbani, mzee sasa, akamshika mumewe mkono na kusema, "Fundi, ile siku nilicheka vibaya." Mumewe alimwambia hayo ni ya taa. Mungu ampokee Opareta mahali penye utulivu, na akute huko mtu wa kuongea naye uso kwa uso.

Binti, hapa ndipo pa kuiwasha. Waya umevutwa kutoka kwa jirani, bonyeza tu. Balbu ni ile ile. Haikuwahi kuungua.

Watu wote mnaona imewaka. Basi mumewe, mbele yenu, kama sharti lilivyotaka, anauliza. Tiketi ulikuwa nayo. Kiti cha dirishani ulikuwa nacho. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua umeondoka. Opareta, ulishuka kwa nini?